Uelezekaji wa Modeli za Ujifunzaji wa Mashine katika Utabiri wa Kuanguka kwa Benki

Kwa muda mrefu, utabiri wa kufilisika kwa taasisi ulitegemea hesabu zilizoweza kufuatwa kwa kalamu na karatasi. Mwaka 1968, Edward Altman aliunganisha viwango vitano vya uwiano wa fedha katika mlinganyo mmoja wa kutabiri kufilisika kwa kampuni za viwanda, na uzito wa kila uwiano ulikuwa bayana. Modeli za sasa za ujifunzaji wa mashine, kama vile msitu nasibu unaojumuisha uamuzi wa mamia ya miti, huweza kunasa mahusiano ambayo mlinganyo wa aina hiyo hauyaoni. Hata hivyo, alama ya hatari zinayotoa haiambatani na sababu. Makala haya yanabainisha namna sababu hiyo inavyotafutwa na mpaka wa kile inachoweza kuthibitisha.

Haja ya sababu si ya kinadharia tu. Tarehe 4 Januari 2018, Benki Kuu ya Tanzania ilifuta leseni za benki tano kutokana na upungufu wa mtaji. Sababu hiyo iliweza kuelezwa kwa sentensi moja na kuhakikiwa katika hesabu za benki husika. Wakati huo ukomo wa bima ya amana ulikuwa Sh 1,500,000 kwa kila mwenye amana. Hivyo, aliyeweka zaidi ya hapo alistahili maelezo yanayoweza kupimwa, si alama iliyotolewa na kompyuta.

Mbinu inayotumika sana kutoa maelezo hayo imejengwa juu ya nadharia ya michezo. Mwaka 1953, Lloyd Shapley alionyesha namna ya kugawa kwa haki pato la ushirika miongoni mwa washirika. Mwaka 2017, Scott Lundberg na Su-In Lee walitumia wazo hilo kufafanua modeli: washirika ni vigezo, na pato ni tofauti kati ya utabiri wa benki moja na wastani wa utabiri wa benki zote. Tuseme wastani wa hatari ni asilimia 5, na benki fulani imepewa asilimia 30. Maelezo yanaweza kuonyesha kuwa mtaji mdogo umeongeza pointi 15, mikopo chechefu pointi 14, ilhali ukwasi mzuri umepunguza pointi 4. Msimamizi wa mabenki sasa anajua mahali pa kuanzia ukaguzi.

Hata hivyo, mgawanyo huo unaieleza modeli, hauielezi benki. Mfano ni Silicon Valley Bank ya Marekani, iliyofungwa tarehe 10 Machi 2023. Mwishoni mwa 2022, hatifungani ilizokusudia kuzishikilia hadi kuiva zilikuwa na hasara ya takriban dola bilioni 15 ambayo haikuingizwa katika mtaji wa kisheria, huku mtaji wa wanahisa ukiwa takriban dola bilioni 16. Modeli iliyolishwa uwiano wa mtaji wa kisheria pekee ingeihesabu benki hiyo kuwa na mtaji wa kutosha, na maelezo yake yangekuwa sahihi kihesabu lakini ya kupotosha. Aidha, vigezo vinavyoambatana, kama vile mikopo chechefu na faida, hugawana mchango kwa namna isiyothibitisha kipi ni chanzo.

Kwa kuzingatia mipaka hiyo, Cynthia Rudin alipendekeza mwaka 2019 kwamba maamuzi mazito yafanywe kwa modeli zinazosomeka zenyewe, badala ya kufafanua zisizosomeka. Pale modeli changamano inapobaki kuwa ya lazima, maelezo yake yachukuliwe kuwa swali la kupelekwa kwenye ukaguzi. Thamani yake ni kumpa msimamizi nafasi ya kuipinga modeli: kuuliza kigezo gani kimebeba uzito, na kipi hakikuwamo kabisa katika data.