Mtoto Wako Anapokwenda Safari ya Tuzo ya Rais

  

Mtoto wako wa sekondari amekuletea barua. Shule inakwenda safari ya miguu, na watalala kwenye mahema. Wewe unajiuliza: atakula nini? Akiugua je?

Hapa Kenya, shule nyingi hufanya safari hizi chini ya mpango wa Tuzo ya Rais, ulioanza mwaka wa 1966. Ni wa vijana wa miaka 14 hadi 24. Ngazi ya shaba husafiri siku 2 na kulala usiku 1, fedha siku 3, na dhahabu siku 4. Vijana huenda kwa makundi madogo. Hubeba mizigo yao, hupika wenyewe na kufuata ramani. Msimamizi huwaangalia, lakini hawafanyii kazi.

Faida iko hapo. Wakipotea njia, ni lazima wakae chini, wasikilizane na waamue. Mwenzao akichoka, wanagawana mzigo wake. Aliyezoea kupikiwa hugundua kwamba anaweza. Kujiamini hakufundishwi ubaoni.

Kabla ya kutia sahihi, muulize mwalimu: Je, wamefanya safari ya mazoezi? Nani anajua huduma ya kwanza? Hospitali ya karibu iko wapi?

Pili, mama, usifiche ugonjwa. Wazazi wengine hunyamaza kuhusu pumu au kifafa wakiogopa mtoto ataachwa. Mlimani usiku, siri hiyo inaweza kumuua. Mwambie mwalimu, na dawa zibebwe mahali rahisi kufikiwa.

Tatu, mfungie nguo kavu na sweta ndani ya mfuko usiopitisha maji. Nguo zilizolowa hunyonya joto la mwili. Kijana anayetetemeka, kisha akaanza kujikwaa na kuongea ovyo, yuko hatarini. Avuliwe nguo zilizolowa, afunikwe, na msaada uitwe upesi.

Nne, viatu viwe vimezoeleka mguuni, maana vipya huleta malengelenge. Maji ya mtoni yachemshwe au yatiwe dawa. Msichana abebe sodo hata kama siku zake hazijafika.

Akirudi, usianze na nguo chafu. Mwambie, "Hebu nisimulie." Halafu mwachie jiko siku moja.