Sura ya Saba: Mizani Inapogoma

Wiki za mwanzo huwa tamu. Kilo zinashuka, mkanda unasogea tundu moja, na chuma kilichokushinda mwezi uliopita sasa unakipandisha bila shida. Kisha unafika mwezi wa tatu au wa nne. Chakula ni kilekile, mazoezi ni yaleyale, na mizani inasoma namba ileile wiki nenda wiki rudi. Hapo ndipo wengi wanapoiharibu kazi yao: wanaruka chakula cha usiku, wanaacha vyuma vizito, wanahamia kukimbia kila alfajiri. Sura hii inatetea njia nyingine. Uzito ukigoma, kitu cha kwanza kulindwa ni msuli, na marekebisho mengine yote yapangwe kwa kuufuata.

Je, umegoma kweli?

Mizani hupima kila kilichomo mwilini: mafuta, msuli, maji, hata chakula ambacho bado kiko tumboni. Msuli huhifadhi wanga kwa umbo la glaikojeni, na kila gramu ya glaikojeni hukaa na takriban gramu tatu za maji. Ukila pilau la harusini Jumamosi, Jumapili unaweza kukuta kilo moja imeongezeka. Kilo moja ya mafuta ya mwili ina takriban kalori 7,700, kwa hiyo sahani moja haiwezi kuijenga. Ulichokiona ni maji, chumvi na chakula chenyewe. Zoezi geni nalo huacha misuli ikiwa imevimba kwa siku kadhaa, na wanawake wengi huongezeka maji siku za kukaribia hedhi.

Kwa sababu hiyo, jipime kila asubuhi kabla ya kula, kisha utafute wastani wa siku saba. Linganisha wastani na wastani. Mwanamke alinganishe wiki hii na wiki kama hiyo ya mzunguko uliopita. Pima kiuno kwa futi ya fundi cherehani, usawa wa kitovu, mara moja kwa wiki. Halafu fungua daftari la mazoezi. Kiuno kikipungua huku chuma kikipanda, mafuta yanatoka na msuli unaingia, jambo la kawaida kwa aliyeanza kunyanyua karibuni. Huyo asibadilishe chochote. Uzito umegoma kweli pale wastani na kiuno vinapokaa palepale kwa wiki tatu au nne mfululizo.

Kwa nini unagoma

Kuanzia mwishoni mwa 1944, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, mtafiti Ancel Keys aliwafuatilia wanaume 36 waliojitolea kula karibu nusu ya chakula chao cha kawaida kwa miezi sita. Walipoteza karibu robo ya uzito wao. Nishati ambayo miili yao ilitumia wakiwa wamepumzika ilishuka kwa takriban asilimia 40. Sehemu kubwa ya punguzo hilo ilitokana na mwili kuwa mdogo. Iliyobaki ilitokana na mwili kubana matumizi. Wanaume wale walipoa pia katika mwenendo, wakawa wanakwepa hata ngazi.

Mpango wa kawaida wa kupunguza uzito hauwi mkali hivyo, lakini kanuni ni ileile. Kevin Hall na wenzake, katika Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, walikadiria mwaka 2016 kwamba kwa kila kilo inayopotea, matumizi ya mwili hupungua kwa kalori 20 hadi 30 kwa siku, huku hamu ya kula ikipanda kwa takriban kalori 100. Aliyeanza kwa kula kalori 500 pungufu, akishapoteza kilo kumi, anabaki na pengo la kalori 200 au 300 tu. Na njaa imeongezeka.

Pengo lililobaki huzibwa kirahisi na vitu visivyohesabiwa. Mwaka 1992, watafiti wa New York waliwapima watu walioamini kuwa wanakula chini ya kalori 1,200 na bado hawapungui. Kwa wastani, watu hao walikadiria chakula chao pungufu kwa asilimia 47, ilhali miili yao ilichoma nishati kama kawaida. Jikoni kwetu mhusika mkuu ni mafuta ya kupikia: kijiko kimoja cha mezani kina takriban kalori 120. Vijiko viwili vikiongezwa kwenye mchuzi kwa mazoea, pengo lote limekwisha.

Mpangilio wa hatua

Anza kwa kupima upya. Kwa wiki mbili, mafuta yaingie sufuriani kwa kijiko, wali upimwe kwa kikombe kilekile, na sukari ya chai, karanga na matonge ya kuonja yaandikwe. Wengi huanza kushuka tena hapa bila kupunguza kitu kingine.

Ikishindikana, ongeza kutembea nusu saa kwa siku. Mwili unaokula kidogo hupunguza mwendo pasipo mwenyewe kujua, na kutembea hurudisha sehemu ya nishati hiyo bila kuchosha miguu unayoitegemea kuchuchumaa na chuma mabegani. Baada ya hapo ndipo upunguze chakula, kalori 150 hadi 200 tu, kutoka kwenye wanga na mafuta. Protini isiguswe. Lenga gramu 1.6 au zaidi kwa kila kilo ya uzito: yai moja lina takriban gramu sita, kikombe cha maharage yaliyopikwa gramu kumi na tano, na dagaa wakavu wana protini nyingi kwa bei nafuu.

Vyuma visishuke

Katika Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, vijana 40 walipunguziwa asilimia 40 ya nishati waliyohitaji kwa wiki nne huku wakifanya mazoezi makali. Waliokula gramu 2.4 za protini kwa kila kilo walipoteza kilo 4.8 za mafuta na kuongeza kilo 1.2 za mwili usio mafuta. Waliokula nusu ya protini hiyo walipoteza mafuta kilo 3.5, na msuli wao ukabaki karibu ulivyokuwa.

Kwa hiyo, ukichoka, punguza idadi ya seti, hata kwa theluthi, lakini uzito wa chuma ubaki. Uzito huo ndio unaouambia mwili kwamba msuli bado unahitajika. Daftari likionyesha nguvu zinaporomoka wiki mbili mfululizo, umebana chakula kupita kiasi. Ongeza kula na ulale vya kutosha. Anayetumia dawa za kisukari, mjamzito, anayenyonyesha, au anayechoka isivyo kawaida aonane na daktari kabla ya kupunguza chochote.

Na kama umebana kwa miezi mingi, una haki ya kusimama. Kula kiasi cha kulinda uzito ulionao kwa wiki kadhaa, nyanyua kwa nguvu zote, kisha uendelee. Mafuta yaliyobaki yatakusubiri, na kuyaondoa baadaye hakutakugharimu kitu. Msuli uliopotezwa kwa pupa utaulipia kwa miezi ya jasho.