Mtazame Miguuni: Sayansi ya Senta wa Mpira wa Kikapu

Mwaka 2009, ndani ya miezi mitatu tu, wanaume watatu warefu walipatwa na mambo yanayoieleza kazi ya senta, yule mchezaji mrefu wa karibu na pete, vizuri kuliko takwimu zozote. Aprili 21, Dikembe Mutombo, mzaliwa wa Kinshasa, aliumia goti la kushoto akiwa mchezoni. Kano inayoushika msuli wa paja kwenye pia ya goti ilikuwa imekatika. Alikuwa na umri wa miaka 42, na hakucheza tena. Mwezi Mei, mwenzake katika timu hiyohiyo ya Houston Rockets, Mchina Yao Ming, aligundulika kuwa na ufa katika mfupa wa mguu wa kushoto. Juni 25, jijini New York, Memphis Grizzlies walikuwa na nafasi ya pili katika drafti ya NBA, yaani zamu za timu kuchagua wachezaji wapya, wakamtaja Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam mwenye urefu wa sentimita 221. Aliyemtangulia ni Blake Griffin. James Harden alifuata nafasi ya tatu, Stephen Curry ya saba. Hakuna Mtanzania aliyewahi kufika NBA kabla ya Thabeet.

Watu wanapomwona mchezaji wa namna hii, macho hupanda juu kwenye mikono na pete. Anayetaka kujua kama mchezaji huyo atadumu miaka minne au kumi na minane anapaswa kutazama chini.

Tuanze na Thabeet, kwa sababu habari yake imesimuliwa vibaya mno kwetu. Alianza kucheza kikapu akiwa na miaka 15 hivi. Miaka saba baadaye alikuwa miongoni mwa walinzi wanaoogopwa zaidi katika vyuo vikuu vya Marekani. Katika msimu wake wa mwisho Chuo Kikuu cha Connecticut alizuia mitupo 4.2 kwa wastani kila mchezo, na siku moja Januari 2009, dhidi ya Providence, alifunga pointi 15, akadaka ribaundi 11 na kuzuia mitupo 10. Kisha akaenda NBA, akacheza mechi 224 kwa timu nne, na wastani wake ukaishia pointi 2.2. Baada ya 2014 hakurudi tena katika ligi hiyo. Wengi waliliona hilo wakasema hakujituma. Naona walimwonea, kwa sababu kuna mambo mawili ambayo hawakuyaweka kwenye mizani.

La kwanza ni kanuni. Katika kikapu cha vyuo vya Marekani, senta wa ulinzi anaweza kusimama chini ya pete muda wote apendao na kumsubiri adui amfuate. NBA ililikataza hilo kuanzia msimu wa 2001–02: mlinzi haruhusiwi kukaa katika eneo lililopakwa rangi kwa zaidi ya sekunde tatu bila kumkaba mtu aliye karibu naye kiasi cha kuguswa kwa mkono. Kanuni hiyo moja hubadilisha kazi yote. Mlinzi aliyekuwa akisimama sasa lazima atoke, arudi, atoke tena.

Fuata kinachotokea katika sekunde nne hivi za mchezo wa kawaida. Mchezaji mdogo mwenye mpira anakuja juu ya duara. Senta wa timu yake anapanda kumwekea skrini, yaani anasimama kama kizuizi ili mlinzi wa mwenye mpira akwame. Mlinzi mrefu sasa yuko mita 7 kutoka kwenye pete na mbele yake ana watu wawili. Akimsogelea mwenye mpira mapema, senta anayeshuka nyuma yake anapokea pasi na kudanki. Akichelewa, mwenye mpira anatupa kwa pointi tatu. Anahitaji kurudi kinyumenyume, nyonga zikiwa chini, akigeuza unyayo mmoja bila kuvuka mwingine, na uamuzi wote afanye ndani ya nusu sekunde. Urefu hausaidii sana hapo. Kinachosaidia ni hatua.

Jambo la pili ni ubongo, na hapa kuna utafiti ninaoupenda kuliko mwingine wowote wa mchezo huu. Mwaka 2008 watafiti wa Italia wakiongozwa na Salvatore Aglioti walichapisha jaribio rahisi. Waliwaonyesha watu picha za video za mchezaji akitupa mrusho huru, lakini video ilikatwa mapema: mara nyingine mpira ukiwa bado mkononi, mara nyingine ukiwa umeanza tu kuruka. Kisha wakauliza: utaingia au hautaingia? Walioulizwa walikuwa wachezaji wa kiwango cha juu, makocha na waandishi wa michezo, pamoja na watu wasiocheza kabisa.

Makocha na waandishi wameona mirusho mingi sana maishani. Hata hivyo wachezaji waliwashinda, na waliwashinda mapema: walikuwa wakipata jibu kabla mpira haujauacha mkono, kwa kusoma mwili wa mtupaji. Wengine walihitaji kuuona mpira hewani. Watafiti wakaenda mbele zaidi. Walitumia mipigo ya sumaku juu ya kichwa kupima jinsi sehemu ya ubongo inayoamuru misuli inavyochangamka mtu anapotazama. Kwa wachezaji peke yao, mrusho uliokuwa ukielekea kukosa uliamsha njia ya neva inayokwenda kwenye msuli wa kidole kidogo cha mkono, hasa wakati ule mpira unapouacha mkono. Walikuwa wameketi na hawakugusa mpira, lakini mwili wao ulilitambua kosa.

Maana yake ni kwamba kuona sana hakutoshi. Ubongo hujifunza kubashiri kwa njia ya misuli iliyofanya tendo lenyewe maelfu ya mara. Mlinzi aliyecheza tangu utotoni humwona mwenye mpira akishusha bega na tayari mguu wake umeshaanza kurudi. Aliyeanza akiwa na miaka 15, na akafika kileleni kwa kusimama chini ya pete, lazima afikirie kwanza. Katika NBA anayefikiria kwanza ameshapitwa.

Msomaji anaweza kunipinga hapa kwa majina makubwa. Hakeem Olajuwon wa Lagos naye alianza kikapu akiwa kijana mkubwa, na bado anashikilia rekodi ya mitupo iliyozuiwa katika NBA, 3,830. Anayemfuata ni Mutombo huyohuyo, mwenye 3,289, aliyekwenda Marekani kwa ufadhili wa masomo akitamani kuwa daktari. Joel Embiid wa Yaoundé alianza akiwa na miaka 15 hivi na mwaka 2023 akawa mchezaji bora wa ligi. Wote walichelewa, na wote walifika.

Pingamizi hilo ni zuri, na jibu lake linaturudisha miguuni. Kabla ya kikapu, Olajuwon alikuwa golikipa wa soka na mchezaji wa mpira wa mikono. Embiid alikuwa akicheza voliboli na soka. Walipoanza kudunda mpira, miguu yao ilishajua kubadili mwelekeo, kupima umbali na kutua. Zile mbinu za Olajuwon za kumdanganya mlinzi begani kisha kuzunguka upande wa pili ni kazi ya unyayo kutoka mwanzo hadi mwisho. Ubongo hauanzi upya kila mchezo. Huchukua kilichopo na kukirekebisha.

Lakini miguu yenye akili haitoshi kama mifupa yake haistahimili. Galileo aliliandika tatizo hili katika kitabu chake cha 1638 kuhusu nguvu za vitu, na hesabu yake haijapitwa na wakati. Chukua mtu wa sentimita 170 mwenye kilo 70. Mkuze sawasawa kila upande mpaka afike 221. Urefu umeongezeka mara 1.3. Mfupa wake ukiukata, uso uliokatwa ni mkubwa mara 1.69, kwa sababu uso hukua kwa pande mbili. Uzito, unaokua kwa pande tatu, umeongezeka mara 2.2 na kufika kilo 154. Kwa hiyo kila sentimita ya mraba ya mfupa inabeba mzigo uliozidi kwa asilimia 30, hata akiwa amesimama tu kwenye foleni ya benki.

Miili halisi hujitetea kidogo kwa kuwa myembamba. Thabeet aliorodheshwa na kilo zipatazo 119. Yao, mwenye sentimita 229, alikuwa na kilo 141. Ila senta hasimami kwenye foleni. Anaruka na kutua, na katika kutua mguu hupokea nguvu inayoweza kufika mara nne ya uzito wa mwili au zaidi, ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Kwa mtu wa kilo 119, hiyo ni karibu nusu tani, mara nyingine juu ya mguu mmoja, tena na tena, mazoezini asubuhi na mchezoni usiku.

Mzigo huo hukusanyika mahali pamoja padogo. Katikati ya wayo, upande wa ndani, juu ya ule upinde usiogusa sakafu, kuna mfupa mfupi uitwao navikula. Nyuma yake unasukumwa na mfupa wa kifundo, mbele yake unasukumwa na mifupa inayoelekea vidoleni. Mtu anapojirusha kwa ncha ya mguu, navikula hubanwa kati ya pande hizo mbili. Sehemu yake ya katikati hupata damu kidogo, na palipo na damu kidogo ukarabati huwa wa polepole.

Ukarabati ndio kila kitu. Mfupa ni kiungo hai. Kila siku ya kuruka huacha nyufa ndogo zisizoonekana, kisha seli za aina moja huja kula sehemu iliyochakaa na seli za aina nyingine hujenga mpya. Kazi hiyo huchukua wiki nyingi, hata miezi, na wakati inaendelea mfupa huwa dhaifu kidogo kuliko kawaida. Mchezaji akipumzika vya kutosha, anatoka na mfupa imara zaidi. Akiongezewa mechi kabla kazi haijaisha, nyufa ndogo huungana kuwa ufa mmoja.

Yao alicheza msimu wa NBA kisha majira ya joto akaichezea China, mwaka baada ya mwaka. Mwaka 2008 mguu wa kushoto ulipasuka, akatibiwa, akaingia uwanjani katika Olimpiki ya Beijing mwaka huohuo. Mei 2009 ukapasuka tena. Madaktari waliukata na kuupanga upya ili upinde ushuke na mzigo usambae, akakosa msimu mzima. Aliporudi alicheza mechi tano tu. Julai 2011 alistaafu, akiwa na miaka 30.

Zydrunas Ilgauskas wa Lithuania, mwenye sentimita 221 kama Thabeet, alipita njia hiyohiyo na kufika pengine. Miguu yake ilivunjika mara kadhaa katika miaka yake ya kwanza Cleveland, akakosa misimu. Mwaka 2001 alifanyiwa upasuaji uliobadilisha umbo la mguu, akacheza miaka kumi mingine na kuchaguliwa All-Star mara mbili. Embiid naye alipochaguliwa wa tatu mwaka 2014 navikula yake ilikuwa imevunjika tayari. Timu yake, Philadelphia 76ers, ilikubali kumkosa kwa misimu miwili mizima. Uvumilivu huo uliwakasirisha mashabiki wengi, na mimi nasema ulikuwa sahihi.

Nikirudi kwa Thabeet, sioni kijana aliyeshindwa. Namwona mtu aliyepewa miaka saba kujifunza kile ambacho wenzake walikijenga kwa kumi na tano, kisha ligi yenyewe ikaendelea kukimbia mbali na kazi aliyoijua. Msimu wake wa kwanza timu za NBA zilitupa mitupo ya pointi tatu ipatayo 18 kila mchezo. Leo inapita 35, na kila mtupo wa mbali unamvuta senta nje ya eneo lake. Alipokwenda Japani na Taiwan baadaye aliendelea kuzuia mitupo na kulipwa kwa kazi hiyo.

Sasa Basketball Africa League ipo tangu 2021, ilipoanzia Kigali, na kijana mrefu wa Mwanza, Bujumbura au Goma hahitaji kuvuka bahari ili aonekane. Ndiyo maana naandika haya kwa walimu wa michezo na wazazi. Mtoto wa miaka 12 aliyewapita wenzake kwa kichwa na shingo husimamishwa chini ya pete na kuambiwa ainue mikono. Timu ya shule inashinda, naye hajifunzi kitu. Mpeni kamba aruke. Mwacheni acheze soka na voliboli, adunde mpira kama wafupi, akabe mbali na pete. Mwongozo ambao NBA na shirikisho la kikapu la Marekani waliutoa mwaka 2016 unashauri mtoto asifungwe kwenye kikapu peke yake kabla ya miaka 14.

Na viwanja vyetu vingi ni vya saruji, kwa hiyo jambo la mwisho ni la haraka zaidi. Kijana akilalamika maumivu juu ya upinde wa mguu, yanayoongezeka akiruka na kupungua akipumzika, msimchue akarudi mchezoni. Msimamisheni kuruka siku hiyohiyo, mpelekeni hospitali. Eksirei ya kwanza ikionyesha mfupa mzima, msitosheke nayo: ufa wa navikula mara nyingi hauonekani kwenye eksirei ya kawaida, bali unahitaji kipimo cha CT au MRI. Ukigundulika mapema, tiba yake kwa kawaida ni wiki sita hadi nane za kutoukanyagia mguu huo kabisa.