Tanzia-Ramsa na Historia: Kutoka kwa Maruge hadi Chemirocha

Mwombe mtahiniwa akutajie kazi ya fasihi iliyotokana na historia. Aghalabu atakujibu Kinjeketile ya Ebrahim Hussein (1969): vita, imani na mauti. Jibu ni sahihi, ila linaficha dhana potofu kwamba historia huzaa tanzia tu, na kicheko ni cha Vioja Mahakamani.

Kuna tanzia-ramsa, kazi inayochanganya masikitiko na ucheshi pasipo kimoja kukimeza kingine. Filamu The First Grader (2010), iliyoongozwa na Justin Chadwick, ni mfano mzuri. Mwaka 2003 serikali ya Kenya ilifuta karo katika shule za msingi. Januari 2004 Kimani Maruge, mzee wa miaka 84 aliyekuwa mpiganaji wa Mau Mau, akajiunga na darasa la kwanza katika Shule ya Msingi ya Kapkenduiywo, Eldoret. Mwaka 2005 alihutubia Umoja wa Mataifa jijini New York. Alifariki mwaka 2009.

Katika filamu, Oliver Litondo aliyeigiza Maruge anaingia darasani akiwa na kaptura na soksi ndefu. Tunacheka. Kisha tazama penseli. Mzee anahimizwa kuichonga vizuri kama mwanafunzi yeyote; jambo dogo, la kuchekesha hata. Lakini mbinu rejeshi inatupeleka kizuizini, ambako penseli iliyochongwa ilitumiwa kumtesa sikioni. Kifaa ni kilekile. Mtahiniwa anayeandika tu kwamba "filamu inachekesha na kuhuzunisha" hajajibu swali; aonyeshe jinsi penseli moja inavyobeba yote mawili. Asisahau pia kwamba filamu ni ubunifu, wala si kumbukumbu za shule ile.

Swali kuu la kuuliza kuhusu kazi ya aina hii ni: kicheko kinamwangukia nani? Kikimwangukia mzee, kazi imegeuka dhihaka. Kikiwaangukia wanaomzuia mlangoni, ni kejeli yenye shabaha.

Nanyi mnaofundisha katikati ya mashamba ya chai ya Kericho na Bomet, hamna haja ya kwenda Eldoret kutafuta kisa. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Kiafrika, alifika Kapkatet, Bureti, akarekodi nyimbo za Wakipsigis. Mojawapo iliimbwa na Chemutoi Ketienya pamoja na wasichana wenzake, nayo ilihusu kiumbe aitwaye Chemirocha. Alikuwa nani? Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki mwaka 1933, ambaye sauti yake ilifika huku kwa santuri. Tracey aliandika kwamba Chemirocha alisimuliwa kuwa nusu mtu, nusu swala.

Kwa miaka mingi wageni wameicheka habari hiyo kana kwamba wasichana wale walikuwa wajinga. Mimi naona wamekosea kusoma. Jina lenyewe ni utohozi wa kawaida, kama Schule ya Kijerumani ilivyokuwa shule: sauti j imekuwa ch, na mwanzo Che- umempokea Mmarekani huyu kwenye ukoo wa akina Chebet na Chelangat. (Kwamba hayo ni majina ya kike ni utani wa ziada, uwe umekusudiwa au la.) Na msanii anayesikika bila kuonekana, akitoka ndani ya sanduku, angeelezwaje? Fasihi simulizi ina viumbe wa ajabu tele, na hakuna anayemcheka msimulizi wa hadithi za mazimwi.

Mwaka 2015, miaka 65 baadaye, rekodi zilirudishwa kwa jamii iliyoziimba. Hapo pana onyesho tayari. Wape wanafunzi wa kidato cha tatu zoezi: waandike mandhari moja ambamo mkusanyaji anawauliza wasichana Chemirocha ni nani, nao wanamjibu huku wakikonyezana. Kisha waliandike upya, safari hii mmoja wa wasichana hao akiwa ajuza anayeisikia sauti yake ya utotoni kwa mara ya kwanza. Linganisheni ni wapi darasa limecheka, na ni wapi limenyamaza.