Sahani yenye sauti ya watu wengi

Nyimbo nyingi zinazosikiwa kwa gramafoni zimeimbwa katika chumba kilichofungwa. Humo hakuna anayekohoa wala anayecheka. Mwimbaji akikosea, anaanza upya. Lakini mwaka 1959 Harry Belafonte, mwimbaji wa Marekani, alitoa sahani mbili za namna nyingine. Aliziimba mbele ya watu, na sauti za watu hao zimo ndani yake.

Belafonte alizaliwa New York mwaka 1927. Mama yake alikuwa mtu wa Jamaica, kisiwa cha bahari ya Karibi, ambako zamani watu wengi wa Afrika walipelekwa kuwa watumwa. Alipokuwa mtoto alikaa huko miaka kadhaa, akasikia nyimbo za watu wa kazi. Mmoja, wimbo wa wapakiaji wa ndizi, ulijulikana katika inchi nyingi alipouimba mwaka 1956. Sikilizeni maana yake. Watu wamepakia mikungu ya ndizi katika meli usiku kucha. Sasa kunapambazuka, wamechoka, wanataka kwenda nyumbani; lakini karani hajahesabu mikungu yao, na bila hesabu hakuna mshahara. Basi wanamwita kwa wimbo: mmoja anaanza, wengine wanaitikia, kama wapiga kasia mtoni. Wengi huuita wimbo huo kalipso. Si sawa kabisa, maana kalipso hasa ni nyimbo za kisiwa cha Trinidad, zinazotangaza habari za mji na kuwacheka wakubwa.

Tarehe 19 na 20 Aprili 1959 Belafonte aliimba katika Carnegie Hall, nyumba kubwa ya muziki mjini New York. Wapiga vyombo 47 walikuwa pamoja naye. Feza zilizopatikana zilikuwa za kusaidia shule mbili. Moja, iitwayo Wiltwyck, ililea wavulana wadogo waliokuwa wamepotea njia, hata wengine walikuwa wamefika mbele ya mahakimu.

Kwanza aliimba nyimbo za watu weusi wa Marekani, kisha zile za Karibi, mwisho za inchi mbalimbali: Ireland, Mexico, hata wimbo wa Wayahudi. Lakini watu hukumbuka zaidi wimbo uitwao Matilda. Habari yake ni fupi: mwanamke amechukua feza zote za mwanamume, akakimbilia Venezuela. Hata hivyo wimbo unaendelea zaidi ya dakika 11! Kwa nini? Kwa sababu Belafonte anawafundisha watu kuitikia, kama mwalimu darasani. Mara wote wanaimba kwa nguvu, mara kwa sauti ndogo. Halafu anataka waimbe wanawake waliopita miaka 40 peke yao, na nyumba yote inacheka. Ni mwanamke gani atakayekubali kutangaza miaka yake mbele ya watu wengi hivyo?

Kunasa mambo hayo yote kulikuwa kazi ngumu. Fundi wa sauti, Bob Simpson, alipewa tuzo kwa kazi hiyo. Ukisikiliza kwa spika mbili, sauti nyingine hutoka kushoto, nyingine kulia, kana kwamba umeketi katikati ya watu wale.

Belafonte alikufa mwaka 2023. Alitoa sahani nyingine nyingi. Katika moja ya mwaka 1965 ameimba pamoja na Miriam Makeba wa Afrika ya Kusini, na humo umo wimbo wa Kiswahili: Malaika.