Moto wa uani hauzimiki kwa kutazamwa

Kaskazi imeshika, majani yamekauka, na kila mwisho wa wiki moshi hupanda nyuma ya nyumba zetu. Twafagia ua, twakusanya makuti makuukuu na makumbi ya nazi, twatia kiberiti. Moto ukipungua twaingia ndani, tukidhani umekwisha. Hapo ndipo penye hatari.

Tazama yaliyoufika mji wa Lahaina, kisiwani Maui, Marekani. Ni mji mkongwe wa pwani, kama Lamu yetu. Asubuhi ya tarehe 8 Agosti 2023, nyaya za umeme zilizoanguka ziliwasha nyasi kavu. Wazima moto walifika, wakauzima, wakabaki kuuangalia kwa saa kadhaa, kisha wakaondoka. Alasiri upepo mkali ukaamsha makaa yaliyojificha. Watu 102 walikufa, na majengo zaidi ya 2,000 yakateketea. Mwaka 2024 wachunguzi walieleza kwamba moto wa alasiri ulikuwa ni ule ule wa asubuhi.

Ikiwa wenye magari ya maji walidanganyika, sembuse sisi wenye ndoo moja?

Makumbi na mizizi mikavu huungua polepole, ndani kwa ndani, bila kutoa mwali. Jivu la juu huyafunika makaa na kuyahifadhia joto. Upepo ukivuma, jivu hupeperuka, makaa yakapata hewa, cheche zikaruka. Paa la makuti latosheka na cheche moja, na nyumba zetu zimebanana.

Kule California, idara ya zima moto husimamisha vibali vya kuchoma majani na matawi msimu wa kiangazi. Sisi hatuna haja ya kungoja askari. Mtaa waweza kukubaliana wenyewe: kaskazi ikivuma, hakuna kuchoma. Majani yafukiwe shimoni yawe mbolea.

Ikiwa huna budi, choma asubuhi mapema siku iliyotulia, mbali na ukuta na ua wa makuti. Palilia pande zote, weka maji karibu, mjulishe jirani. Ukimaliza mwaga maji, pekua kwa jembe, mwaga tena. Kisha karibisha mgongo wa mkono juu ya jivu. Ukihisi joto, moto ungalipo.

Mtume (SAW) alitukataza kulala na kuacha moto ukiwaka nyumbani. Na wa uani pia ni wa nyumbani.