Chumvi ya Gongoni na atomi za Gredi ya 9

Mpwa wangu anasoma Gredi ya 9 huko Tala, Machakos. Likizo hii alikuja na daftari lenye viduara vilivyopangana kama kitunguu kilichokatwa, akaniuliza: "Mjomba, atomi iko hivi kweli, ama ni mambo ya mtihani tu?" Nikamtuma jikoni alete chumvi.

Chumvi inayouzwa madukani Tala huenda ikawa imetoka huku kwetu, Gongoni au Marereni, ambako maji ya bahari huachwa juani mpaka yakauke. Punje moja ina atomi za aina mbili, sodiamu na klorini, nyingi kiasi kwamba ukizihesabu umri mzima hutazimaliza.

Katikati ya kila atomi mna kiini. Ndani ya kiini mna protoni, zenye chaji chanya, na nyutroni, zisizo na chaji. Nje yake ziko elektroni, zenye chaji hasi. Sasa shika hili, maana wanafunzi wengi hulipita mbio: jina la atomi hutokana na idadi ya protoni. Zikiwa 11 ni sodiamu. Zikiwa 17 ni klorini. Zikiwa 53 ni iodini, ile ambayo sheria ya Kenya inataka itiwe kwenye chumvi watu wasipate rovu, ule uvimbe wa shingo.

Viduara je? Hivyo ni vya kuhesabia, si picha. Ernest Rutherford alipoeleza mwaka 1911 kwamba atomi ina kiini, ilidhihirika pia kuwa kiini hicho ni kidogo mno. Atomi ingekuwa na upana wa uwanja wa mpira, kiini kingekuwa punje ya mtama pale katikati, na karibu uzito wote ungekuwa humo. Elektroni nazo hazifuati njia moja kama matatu; zimetanda kama wingu.

Hata hivyo viduara vina faida yake. Sodiamu peke yake ni metali laini inayoweza kulipuka ikitiwa majini. Klorini peke yake ni gesi ya sumu, iliyoua askari katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Zikiungana, tunazitia kwenye wali!

Siri iko kwenye duara la nje. Elektroni za sodiamu zimejipanga 2, 8, 1. Za klorini 2, 8, 7. Duara la nje la atomi kama hizi hutulia likiwa na 8. Basi sodiamu huitoa ile moja, klorini ikaipokea. Sodiamu hubaki na protoni 11 kwa elektroni 10, ikawa chanya. Klorini huwa na 17 kwa 18, ikawa hasi. Chanya na hasi huvutana, zikashikamana safu juu ya safu mpaka ikapatikana punje. Viini havikuguswa hata kidogo.

Mzazi, ukitaka kujua kama mwanao ameelewa, usimwulize atomi ni nini, atakukariria. Mwulize kwa nini gesi ya agoni, yenye 2, 8, 8, haina haja ya mwenza.